Kompaila Hufanya Inachoweza Kuthibitisha

Miongoni mwetu tunaoandika programu hapa Dar es Salaam kuna kauli inayotolewa kwa uhakika mkubwa kila mfumo unapoanza kuelemewa: kwamba lugha iliyotumika ni nzito, na kwamba dawa yake ni kuhamia lugha iliyo karibu zaidi na mashine. Nimeisikia katika ofisi za Kijitonyama, nimeisikia kwa vijana wanaotengeneza mifumo ya maduka ya jumla ya Kariakoo, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu sana katika kazi hii. Naona kauli hiyo imekaa upande. Lugha yenyewe haina mwendo. Chenye mwendo ni amri ambazo prosesa inazipokea mwishoni, na kati ya mstari tunaouandika na amri hizo imesimama kompaila, yaani programu inayotafsiri tulichoandika kuwa amri za mashine, ambayo kazi yake ya uboreshaji inaongozwa na sharti moja lisilolegezwa: haibadilishi chochote mpaka iwe na hakika kwamba mabadiliko hayo hayatagusa matokeo. Kwa hiyo swali lenye manufaa kwetu ni hili: ni mambo gani kompaila inayajua kuhusu programu yetu, na ni yapi tumeificha bila kukusudia?

Shaka juu ya lugha za kiwango cha juu ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. John Backus na wenzake walipoanza kazi ya FORTRAN katika kampuni ya IBM mwaka 1954, waandishi wengi wa programu wa wakati ule hawakuamini kwamba mashine ingeweza kupanga amri kwa ufundi wa mtu aliyezoea kuzipanga kwa mkono. Backus alilijua hilo vizuri, na baadaye aliandika kwamba endapo FORTRAN ingetoa programu zenye nusu tu ya kasi ya zile za mkono, kukubalika kwake kungekuwa hatarini. Ndiyo maana kompaila ile, iliyowafikia watumiaji wa kompyuta ya IBM 704 mwaka 1957, ilikuwa na sehemu nzima zilizojengwa kwa ajili ya uboreshaji: ilichambua lupu (sehemu za programu zinazorudiwa tena na tena), ilikadiria ni njia zipi programu itazipita mara nyingi zaidi, na ilizigawa rejista (nafasi chache za kuwekea namba ndani ya prosesa) tatu za faharisi za mashine ile kwa hesabu zilizozihitaji zaidi. Uboreshaji, kwa maneno mengine, ulizaliwa pamoja na FORTRAN yenyewe. Mwaka huohuo wa 1957 aliajiriwa IBM Frances Allen, ambaye kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwafundisha wanasayansi wa kampuni hiyo lugha ya FORTRAN. Akiwa na John Cocke, aliweka misingi ya uchambuzi ambao kompaila zetu zinaendelea kuutumia hadi leo, na mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya fani ya kompyuta.

Nichukue mfano ninaoufahamu kwa karibu. Programu inasoma miamala ya mwezi ya mawakala wa fedha za simu, inajumlisha viasi, kisha inakokotoa kamisheni ya kila wakala. Ukiitazama kwa juu ni kazi ya kawaida kabisa, lakini ndani yake mna karibu kila jambo ambalo kompaila hulifanya au hushindwa kulifanya. Mstari unaorudiwa kuliko yote ni huu: jumla = jumla + kiasi.

Mstari huo ukiandikwa kwa Python na kuendeshwa na CPython, yaani Python ambayo wengi wetu tunaipakua, alama ya kujumlisha haiwi amri moja ya prosesa. Interpreta, yaani programu inayotekeleza msimbo hatua kwa hatua, husoma baitikodi (amri za kati zilizotokana na msimbo huo), huzifuata obijekti mbili mahali zilipo kwenye memori, huziuliza aina zake, hutafuta funksheni ya kujumlisha inayozifaa aina hizo, huiita, hutenga nafasi ya obijekti mpya ya jibu, na hurekebisha hesabu za marejeo ili obijekti isiyohitajika tena iweze kufutwa. Namba kamili ya kawaida katika CPython, kwenye kompyuta ya biti 64, huchukua baiti 28, ilhali thamani yake ingetosha katika baiti 8. Tuelewe kwamba huu si uzembe wa waliotengeneza CPython. Lugha ya Python imemwahidi mwandishi kwamba kiasi kinaweza kuwa namba sasa na kuwa maandishi katika mzunguko ujao, na kwamba klasi yoyote inaweza kujiamulia yenyewe maana ya kujumlisha. Maadamu ahadi hiyo ipo, interpreta inalazimika kuuliza, kwa sababu haina ruhusa ya kudhani.

Mstari uleule ukiandikwa kwa C, Rust au Java, huku kiasi kikiwa kimetangazwa kuwa namba kamili ya biti 64, maswali yote hayo yanakuwa yamejibiwa kabla programu haijaanza kwenda. Kompaila huiweka jumla kwenye rejista, na mzunguko mzima hubaki amri chache. Inaweza pia kwenda mbali zaidi: kwa kuwa kujumlisha namba kamili huleta jibu lilelile kwa mpangilio wowote, huigawa jumla katika mafungu manne, huyaweka kwenye rejista moja ya vekta yenye biti 256, hujumlisha namba nne kwa amri moja, na mwishoni huyaunganisha mafungu hayo.

Sasa badilisha neno moja tu, utangaze kwamba kiasi ni desimali ya biti 64, na ruhusa hiyo inaondoka. Katika desimali za kompyuta mpangilio una maana: ukichukua 10,000,000,000,000,000, ukaongeza 1, kisha ukatoa 10,000,000,000,000,000, unapata 0, lakini ukitoa kwanza ndipo uongeze 1, unapata 1. Kompaila inalijua hilo, na kwa kuwa haiwezi kuthibitisha kwamba tofauti kama hiyo haitajitokeza katika data yako, inajumlisha namba moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule uliouandika, kila jumlisho likisubiri jibu la lililotangulia.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza jambo hili akiwa na mshangao wa kweli: "Kaka, lupu sijaigusa kabisa, nimebadilisha aina ya data tu. Hii kasi imetoka wapi?" Nilimjibu kwamba hakuna wakala anayepokea wala kutoa senti, na kwamba alipoviandika viasi kuwa shilingi kamili aliieleza kompaila ukweli ambao ulikuwapo siku zote kwenye biashara ila haukuwapo kwenye msimbo. Tukaifungua pamoja orodha ya amri zilizotolewa na kompaila kabla na baada ya mabadiliko yake, na tofauti ikaonekana waziwazi, kwani mahali pa majumlisho ya moja moja palikuwa pamejaa majumlisho ya vekta. Ninamshauri kila anayeweza aizoee tabia ya kufungua orodha hiyo, hata kama hajui kuandika lugha ya mashine, kwa maana kusoma ni rahisi kuliko kuandika na macho huzoea upesi. Kompaila kadhaa zina kitufe cha kuziruhusu zipange upya hesabu za desimali zipendavyo. Kwa picha au sauti sina neno, lakini kwa fedha za watu siwezi kukipendekeza.

Kwenye kamisheni kuna mgawanyo kwa 100, na hapo kompaila hufanya jambo ambalo bado linanifurahisha kila ninapoliona. Kugawanya ni miongoni mwa kazi zinazoichukua prosesa muda mrefu, lakini kigawanyo kikiwa kimeandikwa wazi kuwa ni 100, kompaila haigawanyi kabisa: huzidisha kwa namba kubwa iliyochaguliwa kwa makini, kisha husogeza biti kulia, na jibu huwa sahihi kwa kila namba inayoweza kuingia. Iwapo 100 hiyo imewekwa kwenye kigeu kinachosomwa kutoka faili la mipangilio, njia hiyo inafungwa, kwa sababu kompaila haiwezi kujua leo namba itakayosomwa kesho. Vivyo hivyo kiwango cha kamisheni: kikiwa hakibadiliki ndani ya lupu, hukokotolewa mara moja nje yake, kikiwa kinaletwa na funksheni ambayo mwili wake kompaila haiuoni, kila mzunguko lazima uiite upya, kwani pengine funksheni hiyo inaandika kumbukumbu mahali fulani au inabadilisha kigeu cha mtu mwingine. Hii ndiyo sababu kupachika mwili wa funksheni mahali inapoitwa ni uboreshaji unaozaa maboresho mengine yote. Muda unaookolewa kwa kutoiita funksheni ni mdogo. Faida kubwa ni kwamba ukuta umeondolewa na kompaila imeona kilicho nyuma yake.

Kuna ukuta mwingine ambao waandishi wengi hawaujui, na kwangu mimi ndio wenye somo kubwa kuliko yote. Katika C, pointa mbili, yaani vigeu viwili vinavyohifadhi anwani za memori, zinaweza kuelekea mahali pamoja kwenye memori. Mfano wake ni karani wa stoo Kariakoo ambaye mtu mwingine ana ufunguo wa pili wa stoo hiyohiyo: hata kama amehesabu magunia sasa hivi, akigeuka tu inambidi ahesabu tena, kwa kuwa hawezi kuapa kwamba hakuna aliyeingia. Kompaila ya C ikiona umeandika kupitia pointa moja, inalazimika kusoma upya kilicho kwenye pointa nyingine ya aina hiyo, hata kama wewe mwandishi unajua fika kwamba hazihusiani. FORTRAN haina tatizo hilo kwa vigezo vya funksheni, kwa sababu kanuni zake zinamkataza mwandishi kubadilisha kitu kimoja kupitia majina mawili, na hiyo ni sababu mojawapo ya lugha hiyo ya zamani kuendelea kuheshimiwa katika hesabu za kisayansi. Lugha ya C ilipata neno la kutoa ahadi kama hiyo katika kanuni za mwaka 1999, lakini ni hiari, na mwandishi akiapa uongo hakuna anayemkagua. Rust imeliweka jambo hilo ndani ya sheria za lugha: rejeo linaloruhusu kubadilisha haliwezi kuwa na mwenzake, na kompaila inalihakikisha hilo kabla ya kuendelea. Lakini hata hapo kazi haikuwa nyepesi. Taarifa hiyo ilipopelekwa kwa LLVM, ambayo ndiyo mitambo ya uboreshaji chini ya Rust, ilifichua kasoro zilizokuwa zimelala humo kwa kuwa programu za C huitumia kwa nadra, ikabidi izimwe na kuwashwa tena zaidi ya mara moja, hadi ilipotulia mwaka 2021.

Frances Allen aliwahi kusema kwa uchungu kwamba kuenea kwa C kuliirudisha nyuma fani ya uboreshaji wa kompaila. Zamani niliyaona maneno hayo kuwa makali kupita kiasi, lakini siku hizi naielewa hoja yake. Lugha inayomlazimisha mwandishi kueleza jinsi ya kufika, kwa pointa na anwani, inaificha kompaila kule anakotaka kwenda. Lugha iliyo juu zaidi, ikiwa imeundwa vizuri, inaeleza kusudio, na kusudio ndilo linaloipa kompaila nafasi ya kuchagua njia. Katika Haskell, kwa mfano, ukichuja orodha, ukaibadilisha, kisha ukaijumlisha, kompaila ya GHC inaweza kuziunganisha hatua hizo tatu kuwa lupu moja isiyotengeneza orodha yoyote katikati, na inathubutu kufanya hivyo kwa sababu lugha inahakikisha kwamba hatua hizo hazina athari za pembeni, yaani hazibadilishi kitu kingine chochote nje yake.

Je, lugha zisizotangaza aina za data zimehukumiwa kwenda taratibu? Jibu lilipatikana kwa watu wa lugha ya Self, iliyobuniwa na David Ungar na Randall Smith katika miaka ya 1980. Self ilikuwa na uhuru mkubwa kuliko hata Python, kiasi kwamba karibu kila kitu kilikuwa ni ujumbe unaotumwa kwa obijekti. Ungar akiwa na Craig Chambers na Urs Hölzle walionyesha kwamba kisichoweza kuthibitishwa kabla kinaweza kutazamwa programu inapokwenda: kama mahali fulani pamekuwa pakipokea namba kamili siku zote, kompaila inayofanya kazi ndani ya programu hutengeneza msimbo wa namba kamili peke yake, huweka mbele yake ukaguzi mdogo, na siku ukaguzi huo ukishindwa programu hurudishwa salama kwenye msimbo wa pole. Sharti la uthibitisho halikuvunjwa; ukaguzi ule ndio uliokuwa uthibitisho. Fikra hizo ziliingia katika HotSpot, mtambo unaoendesha programu za Java, mwaka 1999 na katika V8, mtambo unaoendesha JavaScript katika kivinjari cha Chrome, mwaka 2008, na Lars Bak, aliyepitia Self, alifanya kazi katika mitambo hiyo yote miwili.

Kwa anayeandika JavaScript, jambo hilo lina matokeo ya kushikika. Obijekti ya muamala iliyojengwa kwa kuweka jina kwanza kisha kiasi, na nyingine iliyojengwa kwa kuweka kiasi kwanza kisha jina, machoni pa V8 ni vitu viwili vyenye maumbo tofauti, ijapokuwa kwa msomaji ni kitu kimoja. Lupu inayokutana na umbo moja tu hubaki na ukaguzi mmoja mwepesi, na lupu inayokutana na maumbo mengi hurudi kwenye kutafuta. Ukizijenga obijekti zako zote katika sehemu moja, kwa mpangilio mmoja, umeshaisaidia V8 bila kutangaza aina hata moja. Python nayo imefuata njia hiyo kwa hatua zake: toleo la 3.11, lililotoka Oktoba 2022, lilileta interpreta inayojirekebisha kulingana na aina inazokutana nazo, na waliolitengeneza waliripoti kasi ya wastani wa mara 1.25 ya toleo lililotangulia kwenye vipimo vyao.

Ingekuwa si haki kuisifu kompaila bila kuonyesha inapokomea. Mwaka 2020 Charles Leiserson na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio la kuzidisha matriki mbili zenye safu 4,096 na nguzo 4,096. Programu ya Python ilichukua takriban saa saba. Ya Java ilikwenda karibu mara 11 ya kasi hiyo, na ya C karibu mara 47. Wengi wetu tungeishia hapo na kusema tumeshathibitisha kwamba C ndiyo dawa. Wao waliendelea: waligawa kazi kwa viini vyote vya prosesa, wakaikata matriki katika vipande vinavyoenea kwenye kache (memori ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa), wakatumia amri za vekta, na mwisho hesabu ileile ikakamilika kwa sekunde 0.41, zaidi ya mara 60,000 ya kasi ya mwanzo. Kutoka C ya kawaida hadi hapo kuna zaidi ya mara 1,300, na kuhamia lugha nyingine peke yake kusingeileta. Prosesa huvuta memori kwa mafungu ya baiti 64 kwa kawaida, na kusubiri data kutoka memori kuu huchukua muda ambao ungetosha kufanya mamia ya majumlisho. Kompaila kwa kawaida haithubutu kupanga upya data yako, kwa sababu haijui nani mwingine anaitegemea ilivyo. Uamuzi wa kuviweka viasi vyote vya miamala katika safu moja iliyoshikana, badala ya kuvitawanya ndani ya obijekti moja moja, ni wa mwandishi, na NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inawapa watu wa Python nafasi ya kuufanya bila kuhama lugha.

Nayaandika haya nikiwa Dar es Salaam kwa sababu hapa gharama ya programu nzito inaonekana haraka. Seva nyingi tunazotumia ziko nje na zinalipiwa kwa dola, na seva iliyoongezwa ili kubeba lupu mbaya inalipiwa kila mwezi. Kwa upande wa mtumiaji, ukipita Mtaa wa Aggrey ukaangalia simu ambazo watu wananunua kweli, utaona kwamba nyingi zina memori ndogo na prosesa ya kawaida, na hizo ndizo zinazofanya kazi kwenye vibanda vya mawakala kutwa nzima.

Android yenyewe imepitia mjadala huu wote. Mwaka 2014, toleo la 5.0 lilikuja na ART, mfumo unaoendesha programu ndani ya Android, ambao ulikompaili programu nzima wakati wa kuisakinisha. Programu zilikwenda vizuri, lakini usakinishaji ulichukua muda na nafasi kwenye simu ililiwa. Toleo la 7.0 la mwaka 2016 likachanganya njia: programu huanza kwa baitikodi, simu hutazama sehemu zinazotumika sana, na sehemu hizo hukompailiwa baadaye simu ikiwa imetulia kwenye chaji. Tatizo lililobaki ni la siku ya kwanza, ambapo simu haijatazama chochote bado, na kwa wakala aliyesakinisha programu asubuhi huku wateja wamepanga foleni, siku ya kwanza ndiyo anayoihukumia programu yote.

Siku hizi mwandishi anaweza kuweka ndani ya programu yake wasifu wa matumizi, yaani orodha ya klasi na funksheni ambazo mtumiaji atazipitia mwanzoni, na katika timu yetu nimekuwa nikisisitiza kwamba tusitoe toleo bila wasifu huo. Kwa programu ya wakala njia yenyewe ni fupi na inajulikana: kuifungua, kuweka namba ya siri, kuandika namba ya mteja na kiasi, kuthibitisha. Njia hiyo ikiwamo katika wasifu, ART huikompaili mapema hata kwa mtu wa kwanza kabisa anayeipakua, na kurasa za mipangilio ambazo karibu hakuna anayezifungua hubaki kuwa baitikodi na haziongezi mzigo kwenye simu yake.